Mguu Usiokandwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano wala kipimajoto. Nilishika koleo. Matroni wa hospitali ya wilaya, mama mrefu aliyekuwa akitembea upesi kuliko vijana wote wa wodini, alilitazama gauni langu jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, akavitazama viatu vyangu vya raba nilivyovipaka chaki, kisha akanipa mifuko ya kitambaa kizito na kunielekeza mtoni.

"Kajaze mchanga," alisema. "Mkavu. Ukirudi pitia dukani wakupimie. Nataka mifuko yote iwe na uzito sawa, usiniletee mmoja mwepesi na mwingine mzito."

Nilikwenda nimenuna. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu mkononi, binti wa Kimatumbi kutoka milimani, na watu wa bonde la Rufiji wamezoea kututania sisi wa milimani kwamba hatujui hata kupanda mtumbwi. Nikadhani mama yule naye ameanza utani wake. Niliporudi na mchanga wangu ndipo alipoichukua ile mifuko, akaining'iniza mmoja mmoja miguuni pa vitanda vya wagonjwa, nami nikaelewa kwamba nimeanza kazi bila kujijua.

Ninyi wauguzi wa leo mnaopokea mgonjwa wa nyonga na kumwandalia rufaa siku hiyo hiyo, inabidi niwaeleze. Fupa la paja lina kichwa cha mviringo kinachokaa katika tundu la nyonga, na chini ya kichwa hicho kuna shingo. Kwa mtu aliyekula chumvi nyingi shingo hiyo hudhoofika, akiteleza kidogo tu inakatika. Misuli ya paja huvuta mguu kwenda juu, ndiyo maana mgonjwa wa nyonga utamtambua akiwa bado mlangoni: mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Wakati ule hatukuwa na chuma cha kumtia. Tuliufunga mguu kwa plasta, tukapitisha kamba kwenye kigurudumu cha miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba tukaning'iniza mfuko wa mchanga uvute. Hiyo ndiyo traksheni. Mgonjwa alilala hivyo wiki nenda wiki rudi mpaka mfupa ushike wenyewe, kama ulikuwa na nia ya kushika.

Wengi wao walikuwa wameanguka kutoka kwenye madungu. Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wa bonde huhamia msimu wa mpunga, waamie ndege na kufukuza nguruwe, na maji ya mafuriko yapite chini yao. Ngazi yake ni miti ya duara. Ikilowa, hata kijana huishuka akiomba dua.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mcheshi wa Mbwara. Aliniita mchumba, na kila asubuhi aliniuliza nimemletea habari gani kutoka kwa baba mkwe. Mguu wake ulikuwa unakwenda vizuri. Asubuhi moja aliomba chai. Nikiwa bado namkorogea sukari alikohoa, akaweka mkono kifuani, akanitazama kwa mshangao, akafa. Nilikuwa bado nimeshika kijiko.

"Nyonga yake ilikuwa inapona," nilimwambia Matroni huku nalia.

"Ndiyo. Na yeye amekufa."

"Sasa amekufa na nini?"

"Mgonjwa wa nyonga hauawi na nyonga, Hadija. Anauawa na kulala." Alinipa kitambaa cha kufutia uso. "Ukimaliza kulia, kitanda cha dirishani hakijageuzwa."

Maneno hayo nilitembea nayo katika kazi yangu yote. Mgonjwa asiyegeuzwa hupata vidonda vya kulalia, nyama ya makalio na visigino ikaoza huku yeye hana habari. Tulikuwa tukijaza maji katika glovu na kuziweka chini ya visigino, maana magodoro ya maana hatukuwa nayo. Mgonjwa asiyekalishwa, kifua hujaa makohozi akapata nimonia. Na asiyechezesha miguu, damu huganda katika mishipa ya ndani. Hili la mwisho ndilo lililomchukua mzee wangu wa Mbwara, ingawa siku ile sikulijua.

Nililijua miaka michache baadaye, nilipopelekwa mjini Dar es Salaam kwa mafunzo ya kuuguza wagonjwa wa mifupa. Huko nilikuta kazi imebadilika. Daktari wa Mifupa aliyetufundisha alikuwa akifungua nyonga, anakitoa kile kichwa kilichovunjika na kuweka kichwa cha chuma mahali pake. Siku chache tu mgonjwa anasimama. Nilipomwona bibi kizee wa kwanza akisimama kwa magongo nilipiga kigelegele mle mle wodini, nikakemewa.

Lakini upasuaji nao una mambo yake. Kidonda kinaweza kuingia usaha mpaka kwenye chuma. Chuma kinaweza kuchomoka kwenye tundu lake, hasa mgonjwa akichuchumaa, akikaa chini, au akipishanisha miguu. Daktari aliposema hayo nilinyoosha mkono.

"Daktari, kwetu tunakula chini, tunaswali chini, na choo ni cha kuchuchumaa. Viti anavyo mwenyekiti wa kijiji."

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. "Basi wewe kazi yako ya kwanza ukirudi ni kutafuta kiti," alisema.

Siku nyingine alitufundisha juu ya damu iliyoganda. Mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni hutegemea misuli ya kigimbi iikamue damu ipande juu. Mtu akitulia sana baada ya kupasuliwa, damu inalala humo ndani na kuwa donge. Donge likibanduka hupanda mpaka kwenye mapafu na kuziba njia, na mtu anakwenda kama mzee wangu, chai haijapoa. Dalili yake ni mguu mmoja kuvimba, kuwa wa moto na kuuma kigimbini. Kisha Daktari akasimama mbele yetu, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Mimi ni mtoto wa pwani," alisema. "Najua mlikotoka na najua mnavyopenda kukanda. Mzazi anakandwa, mtoto anakandwa, mzee anakandwa. Sawa. Lakini huu mguu hakuna kuukanda. Anayeukanda kwa maji moto na mafuta analisukuma donge kifuani kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa mapenzi."

Niliporudi nyumbani nchi ilikuwa imeingia miaka ya ruksa. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikatandazwa kila gulio, mabasi ya watu binafsi yakaanza kushindana kuzama kwenye tope la barabara ya Kibiti, na mpaka vijijini yakazuka maduka ya dawa. Hospitalini wagonjwa wakaambiwa wachangie. Vijana wa deltani walioishi kwa samaki wa kukausha sasa waliuza kamba wabichi kwa wafanyabiashara waliokuja na magari yenye masanduku ya barafu. Mwenye mtoto wa namna hiyo aliweza kupelekwa mjini akatiwa chuma. Asiye naye alilala kwenye mchanga kama zamani, na hilo liliniuma, linaniuma hata leo.

Nilipangiwa kituo kimoja cha afya upande wa Kibiti. Bosi wangu, Mganga Mfawidhi, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo, mtu mpole aliyependa amani kuliko kitu chochote. Nilimwambia nataka kuwafuata wagonjwa wa nyonga majumbani. Akasema kituo hakina gari. Nikasema nina baiskeli. Akasema basi nenda, lakini usiniletee ugomvi. Nilimtafuta fundi seremala wa Bungu, nikamwelekeza achonge viti virefu vyenye tundu la kukalia chooni. Alinicheka mchana kutwa, kisha akavichonga vizuri. Vitanda tulivipandisha kwa matofali, na waliotaka kuswali waliswali wamekaa kitini.

Mmoja wa wagonjwa wangu hao alikuwa Bi Tatu, mkulima wa mpunga upande wa Mtunda. Aliteleza kwenye ngazi ya dungu akishuka kufukuza nguruwe. Mwanawe Seif, aliyekuwa katika hiyo biashara ya kamba, alimpeleka mjini akatiwa kichwa cha chuma, na kazi ilifanyika vizuri. Alirudi na magongo yake. Nilimkuta ana moyo wa kupona, anatembea kutoka chumbani mpaka uani na kurudi, mumewe Mzee Salumu akitembea nyuma yake mikono ameitanua kana kwamba anafukuza kuku. Tulimcheka sana mzee yule. Hata mwezi haukutimia, homa ikamchukua.

Nilikwenda kuhani. Nilimkuta Bi Tatu chini, juu ya mkeka, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kajifunika shuka jeupe. Magongo yalikuwa yamechomekwa juu kwenye paa. Pembeni yake alikaa Bi Chausiku akisuka ukili wa mkeka. Huyu alikuwa kungwi, mwanamke anayewafunda wanawali unyagoni, anayewakanda wazazi, na anayewaingiza wajane edani na kuwatoa. Bonde zima lilimheshimu, na mimi pia.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Nimekaribia, mama. Lakini huyu mkekani hakai. Daktari kakataza. Akae kitandani au kitini, na mara kwa mara ainuke atembee humu humu ndani."

"Kitini?" Bi Chausiku aliacha kusuka. "Mjane akae kitini kama karani wa kodi, na wanaokuja kumhani wakae chini miguuni pake? Watu watasema mume kafa, mke kapanda cheo."

Wanawake walicheka ndani ya kanga zao. Hata mimi ningecheka, ingekuwa jambo jingine.

"Wacha waseme, mama. Huyu ana chuma nyongani."

"Mie nimewaingiza watu edani tangu wewe hujaota meno. Mgonjwa ana ruhusa yake, hilo nalijua. Lakini ruhusa si kurandaranda. Katulia, haumwi, halalamiki. Wataka nini tena?"

"Ndicho kinachonitisha. Katulia mno."

Tulivutana. Nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo, na nilipoona Bi Tatu mwenyewe ameinamisha kichwa tu, nilipandwa. Nilisema, "Basi mtamzika kabla nguo za mumewe hazijagawiwa!" Bi Chausiku hakupandisha sauti.

"Mlango ule pale, Mmatumbi," alisema.

Habari zilifika kituoni kabla yangu. Mganga Mfawidhi aliniita ofisini.

"Nesi, wajibu wako umeutimiza. Wamekataa ushauri, basi. Hakuna atakayekulaumu."

"Mzee, mimi sikuajiriwa ili nisilaumiwe. Yule mama atakufa."

"Utafanyaje na umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa ndani," nilimjibu. "Nje sijafukuzwa."

Ndivyo nilivyofanya. Kila nilipopata nafasi nilipanda baiskeli mpaka Mtunda, nikakaa nyuma ya nyumba, chini ya kitundu cha dirisha la chumba cha eda. Nilisema kwa sauti, "Bi Tatu, vidole!" Naye ndani, chini ya lile shuka jeupe, alivuta vidole vya miguu kuelekea kwake, akavisukuma mbele, akavivuta tena, kigimbi kikamue damu. Nilimwambia avute pumzi kwa nguvu, akavuta, nikaisikia. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea kwa ukuta. Bi Chausiku alijua kila kitu. Nilimsikia akisema kwa makusudi, "Leo kunguru wa milimani kawahi." Lakini hakunifukuza, maana huko nyuma ya nyumba hakukuwa ndani ya mamlaka yake.

Vidole peke yake havikutosha, hilo nililijua. Mguu unahitaji kukanyaga. Nilikuwa nacheza na muda.

Masika yakaingia. Maji yalifunika njia, nikaiacha baiskeli kwa watu na kupanda mtumbwi, nimeshikilia kingo huku mpiga kafi akinicheka njia nzima. Siku hiyo niliita, "Bi Tatu, vidole!" Kimya. Nikaita tena.

"Nesi," alijibu, "mguu mmoja umekuwa mzito. Tangu jana."

"Upi?"

"Wa chuma. Lakini usihofu, Bi Chausiku atanikanda sasa hivi."

Hapo ndipo pua yangu ilipoamka. Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu ilikuwa imejaa uani, na sufuria la maji lilikuwa linatokota. Niliingia ndani bila hodi, na matope yangu miguuni.

Bi Chausiku alikuwa amepiga magoti miguuni pa Bi Tatu, mikono inang'aa mafuta, kanga iliyochovywa maji moto iko tayari begani. Nilimshika mikono yote miwili. Wanawake walishtuka. Mtu hamshiki kungwi mikono hivyo, hata akiwa mwanawe wa kumzaa.

"Usimkande, mama. Nakuomba. Usimguse."

"Niachie."

"Sikuachii."

"Mguu umevimba, mwanangu. Mguu ukivimba hukandwa. Nimekanda wazazi wa bonde lote hili, na wewe ukizaa n'takukanda."

"Wale ulikuta miguu yote miwili imejaa maji. Huyu kavimba mmoja."

"Mmoja, miwili, uvimbe ni uvimbe."

Sikupiga kelele siku hiyo. Nilimwachia mkono mmoja, nikanyoosha wangu kwenye ukili wake na kuchomoa chane moja ya ukindu, iliyotiwa rangi nyekundu. Niliizungusha kwenye kigimbi cha mguu mzima, nikaikata kwa meno palepale ncha zilipokutana. Kisha nikampa yeye.

"Zungushia mguu wa pili. Mahali pale pale."

Alizungusha. Ncha hazikukutana. Pengo lilikuwa kubwa, kila aliyekuwamo aliliona. Bi Chausiku aliirudisha chane kwenye mguu mzima, ikatosha. Akaipeleka tena kwenye mguu wa chuma, akaishusha kidogo, akaipandisha kidogo, haikutosha. Akageuza kiganja na kuugusa mguu kwa mgongo wa mkono wake.

"Una moto," alisema polepole.

"Ndani mna donge la damu. Ukilikanda linabanduka, linapanda kifuani, na atatufia hapa. Mie nimekwisha kuliona, mama. Nilikuwa namkorogea mtu chai."

Nikamsimulia mzee wa Mbwara, kwa maneno machache, pale pale chini. Alinisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye ile chane. Nilipomaliza alimgeukia mwanamke aliyekuwa karibu na mlango.

"Yamwage maji hayo," alisema.

Nilitamani kumkumbatia. Lakini aliyekataa sasa alikuwa Bi Tatu mwenyewe. Alianza kulia. "Sitoki. Nimeishi na Salumu tangu msichana, hakuniaibisha hata siku moja. Nami simvunjii eda kwa ajili ya mguu. Nikifa na nife humu."

Nilimtazama Bi Chausiku. Yeye alikuwa akijifuta mafuta mikononi kwa upindo wa kanga, kidole kimoja kimoja.

"Nani kasema unaivunja?" alimwuliza. "Eda hatuiachi hapa, Tatu. Twaenda nayo."

Kuanzia hapo aliyetoa amri alikuwa yeye. Kitanda cha kamba kilibebwa na Seif na ndugu wa Bi Tatu wa tumbo moja, si mwanamume mwingine. Bi Tatu alifunikwa shuka lake jeupe mwili mzima. Mguu niliuinua mimi juu ya mto, nikakataza usitikiswe. Walimpakia mtumbwini, wakamvusha mashamba yaliyojaa maji mpaka nchi kavu, na huko Seif akasimamisha gari la wanunuzi wa kamba. Masanduku ya barafu yakasogezwa, kitanda kikaingia. Bi Chausiku alimwambia dereva asigeuke nyuma kwa hali yoyote, amebeba mjane. Maskini yule kijana alitii kupita kiasi. Njiani bibi mwenyewe alimwita asimame kwa haja ndogo, naye akazidi kutazama mbele na kukanyaga mafuta.

Hospitali ya mjini Bi Chausiku aliingia na kanga zake, akazifunga kuzunguka kitanda, akakaa nje ya pazia hilo na ukili wake. Mwanamume hakupita bila kubisha hodi, awe daktari au mfagiaji. Daktari wa Mifupa, yule yule mwalimu wangu, alibisha hodi kama wengine. Alimpima mgonjwa, akatikisa kichwa, akaagiza sindano za kuzuia damu isigande. Dawa ile haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue, na mwili wenyewe hulila taratibu. Miaka ile dawa zilikuwapo, ila zilikuwapo dukani, na Seif alizunguka mji mpaka akazipata. Baadaye akaanzishiwa vidonge, nasi tukawa tunamchunga asitoke damu, kwa maana dawa hizo zikizidi fizi tu zinaweza kuchuruzika.

Siku hatari ilipopita Daktari alisimama nje ya lile pazia.

"Mguu huu haukukandwa," alisema. "Nani aliwazuia?"

"Mie," alijibu Bi Chausiku, bila kupepesa.

"Umemwokoa mwenzio."

"Najua," alisema, akaendelea kusuka.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilijiuma midomo nisicheke, machozi yakanitoka.

Tuliporudi Mtunda, Bi Tatu hakushuka tena mkekani. Kitanda kilipandishwa kwa matofali, na kando yake Bi Chausiku alikaa juu ya kiti kirefu cha fundi wa Bungu, tundu lake amelifunika kwa mto. Waliokuja kuhani wakashangaa. Mmoja akauliza tangu lini kungwi akakaa juu namna hiyo. "Tangu leo," alijibu. Kila asubuhi alimtembeza mjane wake kutoka kitandani mpaka uani, huku akipima vigimbi kwa chane nyekundu. Mimi sasa niliingia kwa mlango. Eda ilipokwisha, Bi Tatu alikwenda kuoga kwa miguu yake, gongo moja mkononi, vigelegele mbele na nyuma. Siku hiyo sikupiga kigelegele, nilikuwa nahesabu hatua zake.

Baada ya hapo nilihamishwa mara kadhaa, nikapata Waganga Wafawidhi wengine, wapole na wakali. Niliona kituo kikipata gari, nikaona barabara ikiwekwa lami, nikaona vijana wakija kazini na simu zinazojua zaidi yangu. Bi Tatu aliishi akalima tena, ingawa dungu hakulipanda. Bi Chausiku alikufa mzee sana. Nilikwenda kumzika. Nilistaafu nikapewa kanga, kitenge na hotuba ndefu, na walionihutubia hawakutaja mchanga wala chane. Sikuwalaumu, hawakuwapo.

Mkiniuliza kazi yetu ni nini, ninyi mnaoanza, nitawajibu kama alivyonijibu Matroni. Mgeuzeni mgonjwa. Msimamisheni. Mkifukuzwa ndani, kaeni nje. Ushauri uliokataliwa bado ni wenu, msiutupe mlangoni mkaondoka. Zamani niliamini kwamba nikishastaafu kazi yangu itaisha pamoja nami, na nilihuzunika kwa hilo zaidi ya nilivyokubali kusema.

Kisha mwaka uliopita mume wangu alifariki, nami nikaingia edani. Aliyekuja kuniingiza ni kungwi wa makamo kutoka Bungu, simjui hanijui, anajua tu kwamba nilikuwa nesi. Asubuhi ya kwanza alikaa miguuni pangu, akachomoa kitu kutoka kwenye ukili wake. Ilikuwa chane ya ukindu, nyekundu.

"Nyoosha miguu, mama."

"Ya nini?" nilimwuliza.

"Mjane hupimwa miguu kila asubuhi. Mmoja ukizidi haukandwi, anapelekwa hospitali na eda yake. Ndivyo makungwi wetu walivyotuachia."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi na enzi." Alizungusha chane kwenye kigimbi changu cha kulia, kisha cha kushoto, akaridhika. Akanitazama kwa huruma. "Usione ajabu, mama. Nyie wa hospitali haya hamyajui. Haya ni ya kikungwi."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu, nikacheka mpaka nikalia, naye akadhani ni msiba unanizidia. Alinipa mkono.

"Haya inuka," alisema. "Twende mpaka uani."

Nikainuka.